Mzigo Umo Kumbini

Gari nyeupe ya bibi harusi ilikata kona pale Fore Street, London, bila kuwasha taa, na Ummukulthum akakanyaga mafuta.

Gari tatu kati yao. Hakutaka ziwe nne.

Ile Toyota Yaris ilikuwa imepambwa kwa utepe mwekundu na mweupe, na kwenye kioo cha nyuma mtu ameandika kwa povu majina mawili: Nusra na Ameir. Huyo Nusra, Ummukulthum hakumjua ila kwa picha. Ameir alikuwa mume wake mwenyewe, wamelala kitanda kimoja miaka tisa.

Sikio likamlia.

"Pilipili, hapa Mizani. Breki zimekatika. Narudia, breki zimekatika."

Sauti ilitoka kwenye kidude kidogo kuliko punje ya kunde, kilichojificha sikioni chini ya mtandio. Kwa lugha ya siri ya Idara, kazini kwake, breki kukatika maana yake siri imeibiwa lakini haijatoka nje ya mji.

"Nimekusikia, Mizani. Imeibiwa nini?"

"Pedi ya breki, nambari saba."

Mguu ulimteleza. Prius yake ikashtuka nusura igonge basi.

"Ya Ameir?"

"Ya Ameir wako."

"Si wangu. Kaniacha huyo."

"Haya basi. Uko wapi?"

"Edmonton."

"Edmonton! Siku yako ya off unafanya nini Edmonton?"

"Nanunua samaki."

Mizani aliguna. Jina lake halisi ni Zephaniah, Mkenya wa Kericho, mkuu wa kituo cha London cha Idara ya Pamoja, shirika la siri la nchi zetu za Afrika Mashariki. Kwa nje wanasafirisha mapipa ya mizigo ya watu kwenda nyumbani, na wana ofisi yao Woolwich, juu ya duka la wigi. Zephaniah si mjinga. Alijua Edmonton leo kuna harusi, na alijua samaki huyo anavaa dhahabu.

Sasa nikwambie ukweli kuhusu huyu bibi. Ummukulthum amefanya kazi ya ujasusi miaka mingi. Amewahi kumnyang'anya bunduki mfanya magendo wa meno ya tembo ndani ya lifti, kisha akabonyeza ghorofa yake akashuka. Hatetemeki. Lakini mwoneshe status ya WhatsApp ya Nusra akiwa ameshika sinia la vitumbua, kakaa ubavuni mwa Ameir, basi mikono inamcheza mpaka simu inaanguka. Wivu, jamani, hauna cheo wala hauna likizo. Siku yake ya mapumziko alikuwa anaitumia kumfuata mke wa mtu barabarani.

"Sikiliza," alisema Zephaniah. "Kessel yuko mjini."

Kessel alikuwa dalali wa siri za viwanda. Aliishi Mombasa kiasi cha Kiswahili kumkaa mdomoni, kisha akahamia kwenye kuiba akili za watu na kuziuza kwa makampuni ya ng'ambo.

"Tumenasa meseji imeingia kwa simu yake asubuhi hii. Namba haijulikani. Inasema hivi: Mzigo umo kumbini, uchukue kabla ya adhuhuri. Sasa, kumbi ni holi, si ndiyo? Na leo watu wa Ameir wako kwa holi gani?"

Ummukulthum aliitazama ile Yaris ikiingia kwenye uwanja wa ukumbi wa sherehe. Akamwona Nusra anashuka, mwembamba, kavaa kijani, mikono imejaa hina. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Furaha hasa, Mungu amsamehe.

"Ukumbini," alisema. "Ni yule. Wallahi nilijua."

"Yule nani?"

"Bibi harusi! Kaolewa jana, leo kashauza."

"Kulthum." Zephaniah alivuta pumzi. "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

"Mizani, mimi nipo kazini."

"Basi fanya kazi. Hiyo pedi ikiruka leo, tumekwisha."

Alikuwa hatii chumvi. Kila gari likipiga breki, pedi zinasagika, na vumbi lake, lenye shaba na uchafu mwingine, linaingia kwenye mapafu ya watu na kwenye mito. Ameir, injinia wa Kipemba, aliapa kutengeneza pedi isiyo na sumu. Shaba akaitupa. Akachukua unga wa vifuu vya nazi, akachanganya na nyuzi za makumbi, akaushika wote kwa mafuta ya maganda ya korosho. Nambari moja mpaka tano ziliungua. Nambari sita zilishika vizuri, lakini zilipiga kelele mtaa mzima. Nambari saba ilishika, ikanyamaza, wala haikutoa vumbi baya. Alikuwa ametengeneza moja tu, na mchanganyiko wake umo kichwani mwake. Jumatatu angepeleka maombi ya hataza, ile haki ya mtu kumiliki alichokivumbua, na kiwanda kingejengwa Pemba. Lakini pedi ikifika kwenye maabara ya wengine kabla ya Jumatatu, wataisaga, wataisoma, na wataandika majina yao. Sisi tutabaki kuwauzia vifuu.

Na kilichomuuma Ummukulthum zaidi ni hiki. Nambari moja mpaka tano ziliungulia ndani ya jiko lake. Yeye ndiye aliyefagia unga wa vifuu sebuleni, akaukung'uta kwenye mashuka, akaukuta mpaka kwenye chai. Alivumilia zilizoungua, na mwenzake kaja kula iliyoiva.

Aliegesha, akafungua buti.

Ndani ya begi lake la kazi mlikuwa na baibui, nikabu, na mirashi miwili ya fedha, ile chupa ya shingo ndefu ya kunyunyizia wageni marashi. Mmoja ulikuwa na marashi ya mawaridi. Wa pili mafundi wa Idara waliujaza maji ya pilipili yanayoweza kumlaza ng'ombe. Kuingia harusi ya watu wetu hakutaki kadi. Kunataka mrashi mkononi.

"Nenda na ile bangili ya kunusa chuma," alisema Zephaniah.

"Ya nini? Pedi haina chuma wala shaba. Ndiyo sifa yake."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Udi, pilau, taarabu kwenye spika mbovu, watoto wanakimbizana chini ya meza wakigombana kwa Kiingereza. Ummukulthum akapita katikati, marashi huku na huku, macho yakipekua kila mkoba.

Kikongwe mmoja akamshika nguo.

"Wee mwana, mbona hujifunui? Hapa wanawake watupu."

Alikuwa Bi Sundus, shangazi wa Ameir, aliyemjua Ummukulthum tangu siku za ndoa yake. Ummukulthum akakohoa.

"Nna mafua, bibi. Nisije nikawaambukiza."

"Haya nimiminie, basi. Mikono yote miwili, n'jipake usoni."

Akainua mrashi. Akauangalia. Loo! Ulikuwa ule wa pili. Akaubadilisha kwa kasi ya mwizi wa mfukoni, akammiminia bibi wa watu mawaridi, akaondoka kijasho kinamtoka.

Chumba cha bibi harusi kilikuwa nyuma ya jukwaa. Aliingia, akafunga mlango kwa ufunguo, akaanza na begi lililokuwa juu ya kiti. Kanga. Manukato. Chaja. Hakuna.

"Bi Kulthum," sauti ikasema, "vua tu nikabu. Nakujua kwa macho."

Nusra alikuwa amekaa mbele ya kioo, kwenye pembe ambayo Ummukulthum, kwa haraka zake, hakuitazama. Wala hakugeuka.

"Picha zako Ameir hakuzichoma. Tangu nianze kupanga nguo zangu kule, kila nikifungua kabati nakuona. Nimezipandisha juu kabisa, na hata huko juu nazijua zipo."

Ummukulthum akavua nikabu. Kwa mara ya kwanza wakaangaliana. Mtoto alikuwa mzuri, si uongo, na ana jicho la mtu asiyelala vizuri. Ajabu ni kuwa Ummukulthum alihisi utamu kidogo kusikia habari za picha.

"Pedi iko wapi?" akauliza.

"Pedi gani?"

"Usinichezee akili. Nambari saba."

Nusra akasimama. Rangi ya uso ikamtoka yote.

"Imeibiwa? Lahaula! Ameir anajua?"

"Nimekuuliza wewe."

"Mie niiibe? Nimuibie mume wangu?" Kisha akamtazama vizuri, juu mpaka chini. "Bi Kulthum, nisamehe. Umekuja kutafuta pedi au umekuja kunitazama mimi?"

Swali hilo lilimpata pale pale. Akatoa Samsung yake akamwonesha ile meseji, Zephaniah alishamtumia.

"Soma. Mzigo umo ukumbini. Ukumbi gani kama si huu?"

Nusra akasoma. Akasoma tena, midomo ikitikisika.

"Dada," akasema taratibu, "hapa hapana ukumbini. Pameandikwa kumbini."

"Ndiyo nini?"

"Angekusudia ukumbi angeandika ukumbini. Hii ni kumbi. Kumbi la nazi! Mie kwetu Wete, nimepiga makumbi na kusokota kamba tangu sijavunja ungo. Wewe Muunguja mzima hulijui kumbi?"

Analijua. Analijua sana! Bibi yake alisugulia masufuria kwa makumbi maisha yake yote. Zephaniah ana udhuru, Kericho hakuna minazi. Lakini yeye? Ile 'u' hakuiandika mwizi. Wivu wake ndio ulioitia.

Na hata akili anayo, yule! Hilo nalo likamuuma.

"Ameir ana marobota ya makumbi kule gereji yake," Nusra aliendelea, maneno yanampanda. "Yaliyobaki. Musab kasema leo anayaondosha, kapata watu wa bustani wanayataka. Na Musab alikuwa alete soda hapa tangu asubuhi. Hajaja."

Musab alikuwa binamu yake Ameir na msaidizi wake kazini. Jana alikaa ubavuni mwa bwana harusi kwenye nikahi.

"Gereji ile ile? Nyuma ya kiwanda cha mikate?"

"Ile ile."

Ummukulthum alishafika mlangoni. Akachungulia dirishani. Prius yake ilikuwa imezibwa na gari sita za waalikwa, mojawapo ikiwa imeegeshwa ubavu.

Kitu kikamgonga mgongoni. Funguo.

"Chukua Yaris," alisema Nusra. "Ni gari ya majaribio ya Ameir, ina nambari sita. Zinalia, lakini zinashika."

Akaziokota bila kusema ahsante. Alishindwa.

Yaris ikatoka uwanjani na maua yake yote.

"Mizani, hapa Pilipili! Si ukumbi, ni makumbi!"

"Ni nini hiyo?"

"Maganda ya nazi, Zephaniah! Yale ya nje, yenye nyuzi!"

"Sasa si mngesema maganda!"

"Gereji ya Ameir. Mwizi ni Musab. Nitafutie gari yake."

Vidole vya Zephaniah vikasikika kwenye kibodi.

"Ford Transit nyeupe. Imetoka sasa hivi. Inaingia Meridian Way, inaenda juu. Kulthum, wakifika barabara kuu ya mzunguko hatuwapati tena."

Akakanyaga.

Meridian Way ni ndefu, imenyooka, na upande mmoja treni zinapita. Aliiona ile veni mbele, mlango wa nyuma haukufungwa vizuri, nyuzi za makumbi zikiruka upepo. Dereva alikuwa Musab. Kando yake upara unang'aa. Kessel.

Watu kwenye kituo cha basi walishangilia wakidhani ni msafara wa harusi. Mmoja akapiga picha.

Kessel akaangalia kioo cha pembeni. Akaona gari ya maua inamjia kwa kasi ya wazimu, na mwenye baibui kwenye usukani. Akatoa mkono dirishani na bastola yake ya Walther.

Paa!

Kioo cha kushoto cha Yaris kikapasuka. Utepe mwekundu ukakatika, ukaruka zake.

"Unapigwa risasi?" alipiga kelele Zephaniah.

"Kidogo."

"Nimewaita wenzetu wa hapa. Wanakuja."

"Waje."

Veni ikakata kulia kuelekea kivuko cha reli. Mbele yake taa nyekundu zikaanza kuwaka na vizuizi vikaanza kushuka. Musab akasita. Ukisita umekwisha. Ummukulthum akaipita veni kwa upande wa magari yanayokuja, akapinda, akasimamisha miguu yote miwili juu ya breki.

Nambari sita zikalia mpaka wazee wakatoka majumbani. Lakini zilishika! Harufu ya korosho iliyoungua ikamjaa puani, ile ile aliyoilalamikia miaka tisa, na Yaris ikasimama ubavu, kiganja kimoja kabla ya kizuizi. Veni ikaikwangua mlango na kuzima. Treni ikapita nyuma yao kwa ngurumo.

Kessel aliruka nje, bastola mbele.

"Mama," alisema kwa Kiswahili cha Mombasa, "sogeza gari. Sina ugomvi nawe."

Ummukulthum alitoka mikono juu. Mkono mmoja ulikuwa na mrashi.

"Ah, bwana we. Harusini huondoki bila marashi."

Akautikisa mara moja.

Kessel alipiga ukelele ambao sikutegemea kwa mtu mzima. Bastola ikaanguka, naye akaanguka kando yake. Ummukulthum akaipiga teke ikaenda chini ya veni, akamfunga mikono kwa utepe mweupe wa harusi.

Musab hakukimbia. Alikuwa amekaa nyuma ya veni juu ya robota, analia kama mtoto.

"Nipe," alisema Ummukulthum.

"Miaka yote hiyo vifuu nasaga mimi!" Musab alimlipukia. "Mimi ndiye niliyekohoa damu ya vumbi! Nani anamtaja Musab? Pedi ya Ameir. Kiwanda cha Ameir. Na Nusra, nani aliyemwona mwanzo? Mimi! Kila kizuri Ameir. Mimi soda. Musab kalete soda!"

Ummukulthum alimsikiliza mpaka mwisho. Kazini amewahoji wasaliti wengi, akawadharau wote. Huyu alishindwa kumdharau. Kila neno alilolisema alikuwa nalo yeye mwenyewe kifuani, tofauti ni jina tu.

"Najua unavyohisi," akamwambia. "Wallahi najua. Lakini hukumuibia Ameir peke yake. Umewaibia na wale wanaofua nazi Wete. Robota lipi?"

Musab akazidi kulia.

Ummukulthum akaanza kuyanusa marobota moja moja. Makumbi yana harufu ya mchanga na maji ya chumvi. Robota la nne lilikuwa na harufu ya korosho. Akatia mkono ndani, nyuzi zikamchoma, akaitoa.

Pedi nambari saba. Ilienea kiganjani. Nyeusi, imekwanguka ncha moja, haina hata uzuri.

Polisi walikuwa bado. Hatua chache pale palikuwa na mfereji wa Lee, maji yametulia, mabata wanaogelea. Akaenda akasimama ukingoni.

Nani angejua? Ilianguka, angesema. Kwenye mapambano mambo huanguka. Kisha Ameir angerudi nyumbani mikono mitupu kwa yule mzuri wake wa kijani, tuone kama atavumilia vifuu kwenye mashuka. Tuone! Angeanza tena na nambari nane, na ya nane ingeungua, na ya tisa. Alilitaka jambo hilo kwa mwili mzima. Mkono wake ulinyooka juu ya maji, na vidole viwili vikaachia.

Vitatu havikuachia.

Mabata wakasogea wakidhani ni mkate. Mwisho akaifungia pedi ndani ya nikabu na kurudi garini huku akijitukana kwa sauti.

Ving'ora vikafika. Akawaachia Kessel, Musab na maelezo mafupi.

Ameir alikuwa mlangoni mwa ukumbi, kanzu na joho, kilemba kimemkaa upande. Zephaniah alishampigia. Alipoiona Yaris yenye kioo kilichovunjika alikuja mbio, na alipoiona pedi alikaa chini pale pale kwenye lami, akaigeuza huku na huku, akainusa. Hakuulizia gari wala risasi.

Hajabadilika, mtu yule. Bado alikuwa na unga wa vifuu kwenye kucha siku ya harusi yake. Ummukulthum aliziona kucha zile, na zilimuuma kuliko kitu chochote alichokutana nacho siku ile.

"Kulthum," alisema Ameir, macho yamejaa maji. "Ilikuwa ndani ya makumbi? Mimi mwenyewe nisingetafuta humo. Umejuaje?"

Angeweza kusema ni kazi yake. Hakuna ambaye angembishia, na yule aliyekuwa ndani, aliyelisoma neno sawasawa, hakuwa mtu wa kutoka kusema vingine. Kutwa nzima alikuwa akimwita 'yule'. Yule wa kijani, yule wa hina. Vigelegele vikapanda ukumbini. Walikuwa wanamtoa bibi harusi.

"Muulize mkeo," akasema.

Akamrushia funguo za Yaris, akaiacha Prius yake bado imezibwa, akavaa miwani yake ya jua, akashika njia ya kituo cha basi kwa mwendo wake wa siku zote. Roho ilikuwa inamuuma bado. Hakugeuka nyuma.